Msiba Aliojitangazia Mama Aziza

Mbuzi akipotea Kabambare, mwenye mbuzi hahitaji redio. Anamwendea Aziza binti Mahamudu, muuza karanga wa pale sokoni, naye Aziza anauzunguka mji kwa sauti yake. Baba yake alikuwa mpiga mbiu wa chifu. Koo la mzee lilipochoka, binti akaishika kazi, na wanaume waliouliza mwanamke atawezaje kuita watu kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, walinyamaza siku walipomsikia.

"Mbuzi wa Yakubu amepotea! Mweupe, sikio moja limekatika! Aliyemuiba amurudishe! Kama mulisha kumula, murudishe hata kamba, Yakubu apate ya kumufungia mwingine!"

Watu walicheka, na mara nyingi mbuzi alirudi.

Mimi ni binti wa mama yake mdogo, ninafundisha Kasongo, na ninaandika habari zake kwa sababu nimechoka kusikia maisha ya mtu mzima yakikunjwa ndani ya neno moja: wazimu.

Ugonjwa ulimjia alipofiwa na mumewe, na ulimshika pale palipokuwa pabaya kuliko pote, kwenye kazi yake. Alisikia sauti zikimtajia majina ya waliofariki, naye, mpiga mbiu mwaminifu, akayatangaza. Majina yale yalikuwa ya watu walio hai. Yakubu, yule wa mbuzi, alirudi kutoka shamba akamkuta mke wake anagaagaa chini na majirani wamekwisha kukoka moto wa matanga. Siku ile Aziza alipigwa mpaka akazimia, kisha kaka zake wakamfunga kamba katika ghala la mpunga.

Alitoka humo kwa sababu daktari mmoja wa Kasongo alijua kwamba ugonjwa ule una jina na una dawa: vidonge vidogo vya haloperidoli, kila jioni. Sauti zikanyamaza. Aziza akarudi kwenye karanga zake na mbiu yake, na kwa miaka mingi nikawa ninamtumia vidonge kwa mkono wa Musafiri, dereva wa pikipiki, ambaye alivifunga katika plastiki na kuvisafirisha chini ya koti lake. Hakuna aliyekufa tena kwa kutangazwa.

Kisha kolera ikaja.

Sina neno baya juu ya waliowaokoa watu na kolera. Nimeona mtoto aliyekauka kama jani akiamka baada ya chupa kadhaa za maji ya mshipa, na aliyeliona hilo hawezi kudharau kazi yao. Lakini shukrani haikunifunga macho. Shirika la misaada lilifika na mahema, na klorini, na magari marefu, na msimamizi kijana msomi aitwaye Hervé. Mvua zilikuwa zimeivunja barabara ya Kasongo. Yalipita magari yale ya shirika tu, na pikipiki chache zilizoweza kuvuka madaraja ya magogo zilikodiwa zote nalo, ya Musafiri ikiwa mojawapo, na amri ikatolewa kwamba hakuna kubeba kitu kisicho cha kolera.

Nilivipeleka vidonge mwenyewe hadi kwenye lango la bohari lao la Kasongo. Mlinzi alivigeuza kiganjani, akauliza kama vinazuia kuhara. Nilipojibu hapana, alinirudishia kwa adabu kubwa. Nyuma yake vijana walikuwa wakipakia garini katoni za fulana. Ningali nayaona maandishi yake: AFYA NI YA WOTE. Fulana hazizuii kuhara pia, lakini zilikuwa na nafasi.

Fulana moja ilimwangukia Aziza. Hervé alikuwa amesikia habari za sauti yake, akampa megafoni na kumwajiri ahubiri kunawa mikono na kuwaleta wagonjwa mapema. Akaifanya kazi ile kama alivyozaliwa kuifanya.

"Kuhara si uchawi! Usimufiche mugonjwa nyuma ya nyumba siku tatu! Si muhogo huyo, kusema unamuloweka!"

Wagonjwa wakaanza kuletwa mapema. Wageni walipokuja, Hervé aliwaonyesha Aziza kama mtu anavyoonyesha mashine mpya. Ndipo Aziza, akiba yake ya vidonge ikiwa inakwisha, alipomfuata hemani.

"Chefu, ile gari ya Kasongo inarudi lini?"

"Kesho, mama. Kuna nini?"

"Iniletee kifurushi changu. Kadogo, kanaingia mu ngumi ya mutoto. Dawa ya kichwa."

"Dawa ya kichwa iko hapa. Paracetamol, chukua."

"Si ya kichwa kinachouma, chefu. Ya kichwa kinachosema."

Hervé alicheka, akidhani ni mojawapo ya mizaha yake. "Mama Aziza, weye uko muzima. Sauti yako inashinda ya redio."

"Niko muzima juu ya ile dawa. Ikikatika, hii sauti unayosifu itakutangaza marehemu nawe."

Hapo akaacha kucheka. Akamweleza, kwa upole wa mtu aliyefundishwa kukataa, kwamba gari ni la kolera, mafuta ni ya kolera, na mfadhili akikuta mzigo mwingine ndani, yeye Hervé ndiye atakayefukuzwa.

"Basi nipate kolera," Aziza akasema. "Nikiipata, dawa yangu itapanda?"

Aliambiwa avumilie mpaka hali ya dharura iishe. Dharura ya nani? Neno hilo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Aziza.

Akaanza kuvikata vidonge nusu, kisha robo. Sauti zikarudi, kwa mbali kwanza, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya mto, na jina zililolitaja mbele ya mengine yote lilikuwa la Yakubu. Aziza alijua ni uongo. Lakini alikumbuka kwamba safari ya kwanza pia alijua, kisha akaacha kujua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kushika megafoni, alipitia uani kwa Yakubu.

"Yakubu! Uko?"

"Niko, mama."

"Uko kabisa?"

"Niko kabisa. Mbuzi wangu ndio hawako."

"Basi usife leo. Niko na kazi."

Mji ulicheka. Yakubu mwenyewe alicheka, mpaka asubuhi moja alipomjibu kwamba yupo, naye Aziza akabaki amesimama, akamwomba amshike mkono ili aamini. Tangu siku ile Yakubu hakucheka tena. Alikwenda yeye mwenyewe kwa Hervé kumwombea. Akarudi na kipande cha sabuni.

Vidonge vikaisha. Siku ya soko iliyofuata Aziza alipanda juu ya gunia la mchele, amevaa ile fulana yake, megafoni mdomoni. Watu walitega masikio kwa ajili ya klorini.

"Tangazo! Tangazo la msiba! Aziza binti Mahamudu, muuza karanga, amekufa! Hakufa na kolera. Amekufa kwa kukosa dawa, na dawa iko Kasongo! Kesho mukiona mutu anafanana na Aziza, anatangaza kama fulani amekufa, musimuamini. Musikoke moto. Na musimupige, hajui anachosema. Mimi ndiye nilijua, na leo bado najua. Poleni na msiba!"

Hervé akaja mbio, akamnyang'anya megafoni, akawaambia watu wasimsikilize, huyu mama amechanganyikiwa. Aziza alipopaza sauti kwa ajili ya kolera, iliitwa uhamasishaji. Alipopaza sauti ileile kwa ajili ya akili yake mwenyewe, ikaitwa wazimu. Nimesoma vitabu vingi, na sijakuta tangazo la afya lenye akili kuliko lile: ugonjwa umetajwa, chanzo kimetajwa, na umma umeelekezwa la kufanya.

Nao umma ulifanya. Sauti zilipomshinda na Aziza akapita mitaani akiwataja marehemu wake, hakuna aliyekoka moto, hakuna aliyeinua fimbo. Walioshindwa kusikia ni kaka zake. Wao waliona aibu ya ukoo, wakamrudisha katika ghala la mpunga, wakamfunga kamba, na fulana ya AFYA NI YA WOTE ingali mwilini. Yakubu aliwasihi wamfungue, wakakataa. Basi akaleta kigoda chake akakaa nje ya ukuta, na kila Aziza alipolia ndani kwamba Yakubu amekufa, yeye alimjibu, "Niko, mama. Niko kabisa."

Siku zile zote vidonge vilikuwa mezani pangu. Magari yaliendelea kupita.

Kolera ilipopungua, mkataba wa Musafiri ulikwisha, na siku hiyohiyo alifika kwangu kuchukua kifurushi. Kiliingia chini ya koti lake kama zamani. Aziza alirudi polepole, kama mtu anayepanda kisima kwa mikono, na vifundo vya mikono yake vina makovu ya kamba ambayo hakuna ripoti itakayoyaandika, kwa maana hakuugua kolera.

Mwaka uliofuata shirika lilirudi kwa ajili ya chanjo ya surua. Hervé akaja sokoni na megafoni mpya.

"Mama Aziza, watu wanauliza sauti yako."

Aziza aliendelea kupima karanga. "Aziza gani?"

"Weye, mama."

"Yule alikufa. Msiba ulitangazwa hapahapa, na megafoni ilikuwa yenu. Ao hamukusikia?"

"Mimi nilisikia," akasema Yakubu, ambaye mkono wake ulikuwa tayari ndani ya karanga bila ruhusa.

Hervé akatazama chini. Akauliza, kwa sauti ndogo, afanye nini.

"Ile gari yako," Aziza akasema, "siku italeta dawa ya vichwa vinavyosema, yangu na ya wale wengine wamefungwa mu maghala, unipigie honi. Nitafufuka. Weye Yakubu, toa mukono."