Nilimvunja Mwanangu Mkono Juu ya Kagari ka Plastiki

Admin, jina langu ficha, ingawa hakuna mtu naogopa. Niko na miaka 74, upande wa Nkubu. Darasa la tatu ndio nilifika, naandika na kidole kimoja. Lakini gari najua. Niliendesha tajiri mmoja miaka kumi na tisa bila kukwaruza, na kutoka Meru mpaka Embu hakuna fundi angenidanganya.

Mjukuu wangu anasoma ng'ambo. Alinitumia boksi ya kagari ka plastiki, vipande vya kuunga na gundi, eti ni ile gari ya tajiri. Kufungua, ni ya mashindano! Magurudumu manene, paa imekatwa, stika za moto mlangoni, viti viwili vya wazimu. Nikasema hii itarudi vile ilitoka kiwandani. Miezi minne, msasa na wembe. Paa niliinua. Magurudumu membamba nilikata kutoka kwa mpira wa slipa. Kiti cha mbele nikachonga kimoja kirefu cha mti, nikakivalisha ngozi ya kibeti kuukuu cha bibi yangu. Hicho kiti pekee kilichukua wiki tatu.

Nikaenda mazishi Embu siku mbili. Mwanangu wa kwanza, tumuite Murithi, miaka 41, anafunga miraa huko Laare, akaja kuona mama yake. Kurudi, napata magurudumu manene, moto mlangoni, na kiti changu kimetupwa kwa jiko, kimeungua.

"Baba, nimekurekebishia," anacheka. "Uliunga vibaya. Karatasi ya maelezo iko na kila kitu, ni vile wewe kusoma ni shida."

"Rudia."

"Ai, mzee, si aibu. Ungeniita tu nikusomee."

Nilimpiga bakora ya mdomo. Jino likatoka. Akaniita mzee mjinga, akakapiga kagari kwa ukuta, kakapasuka. Hapo sikuona kitu tena. Nikapiga mgongo, nikapiga kichwa, akainua mkono kujikinga, nikapiga huo mkono na nikasikia mfupa. Mama yake akanishika shati, "Baba Murithi, utaua mtoto wetu!" Nikamsukuma pia, akaangukia mlango. Damu ilifika mpaka kwa kalenda.

Kwetu mwanaume akishatahiriwa, baba hamgusi na fimbo. Ni mwiko. Wazee wamesema nichinje kondoo dume, nimvalishe Murithi ukanda wa ngozi ya huyo kondoo kwa huo mkono, niseme mbele ya watu kwamba nimekosa. Bila hiyo Murithi hatakanyaga kwangu na hatanizika. Wazee wanakuja naye Jumamosi. Mama yake alihamia Laare kumlisha, kwa sababu mkono ni ule wa kufunga miraa na vidole havikunji.

Tangu nizaliwe sijaambia mtu nimekosa. Kondoo iko, nimeifunga hapa nyuma. Hayo maneno ndio hayatoki.

Kitu Murithi hajui, alizaliwa kwa kiti kama hicho. Nilikuwa nakimbiza mama yake hospitali na gari ya tajiri, mvua ikanyesha, tukakwama kwa matope, nikampokea mwenyewe na hii mikono. Sikuwahi kumwambia. Mwanaume haongei mambo ya uzazi.

Nimeanza kuchonga kiti kingine. Kinatoka kimepinda. Sasa nyinyi mliosoma, msinitukane, nisaidieni tu. Nikimpa hicho kiti Jumamosi na nimwambie alizaliwa wapi, si hiyo inatosha bila kusema nimekosa?