Siku Niliyomuuliza Katekista Kama Alikunywa Ulanzi

Jamani, hili jambo hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimefunika uso kwa kiganja, lakini kwa kuwa kila mtu analisimulia anavyotaka, acheni nilisimulie mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni mtu wa maabara, upande wa damu, pale Njombe. Wodini tulikuwa na mama mmoja wa Kifanya, damu imemshuka vibaya, ila kila akiongezewa nyingine mwili unamvimba na kumwasha na kifua kinabana, daktari akasema huyu apewe damu iliyooshwa. (Ndiyo, damu huoshwa! Unachanganya zile chembe nyekundu na maji ya chumvi ya hospitali, unazungusha kwenye mashine, zinatuama, unaondoa majimaji ya juu yenye vile vinavyomdhuru mgonjwa, unarudia.) Aliyemchangia ni shemeji yake, Katekista Mligo, mzee mpole, aliyekuja na nusu ya kwaya kumsindikiza.

Nikaiosha vizuri kabisa. Ikabaki kuhakikisha chembe hazijaharibika: unachukua kidogo, unatia kwenye tyubu pamoja na maji ya chumvi, unazungusha, na maji ya juu yanapaswa kubaki maangavu. Sasa baridi ya Njombe mnaijua, vidole vimekufa ganzi, chupa ya mezani imeisha, kwenda stoo nikaona mbali, nikavuta chupa iliyokuwa dirishani, nikatia.

Tyubu ikatoka nyekundu juu mpaka chini kama juisi ya rozela. Nikarudia. Nyekundu! Maana yake chembe zinapasuka, na damu ya namna hiyo inaweza kumuua mgonjwa. Badala ya kutulia, udadisi ukanipanda: kwa nini za huyu tu zipasuke? Nikachungulia dirisha la kupokelea sampuli, nikamwambia nesi Tumaini, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Damu ya Katekista inapasuka!"

Korido nzima ikageuka.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi, nikiwaza labda ni ile pombe yetu ya mianzi iliyozipasua, nikatoka nje na koti langu jeupe, "Kamwene, baba. Samahani, jana kabla ya kuchangia, ulikunywa ulanzi?"

"Ulanzi?" akasema Katekista taratibu.

"Jibu swali, mume wangu," mkewe akadakia.

"Si nimeshajibu?"

"Hujajibu. Umesema tu 'ulanzi?'"

Kwaya ikaanza kunong'ona, mmoja tayari ameshika simu anaongea na watu wa parokia, na binti wa mgonjwa akaanza kulia, "Sasa mama atapewa nini?" Swali hilo likanichoma, maana damu nyingine ya kundi lake hatukuwa nayo kwenye jokofu, na iliyooshwa haikai sana.

Nikarudi ndani, nikaushika ule mfuko niutupe. Ila udadisi haukuniachia. Nikajichoma kidole, nikatia damu yangu mwenyewe kwenye tyubu, maji yaleyale. Nyekundu vilevile! Na mimi ulanzi sijaugusa tangu Krismasi. Ndipo nikaigeuza ile chupa nikasoma lebo (macho yangu yalikuwa wapi muda wote?), kumbe ni maji matupu ya maabara, hayana chumvi hata kidogo. Chembe ya damu ukiitia humo inayanywa mpaka inapasuka, iwe ya katekista, iwe ya askofu.

Nikakimbia stoo. Nikapima upya kwa maji ya chumvi: chembe zikalala chini zimetulia, juu maangavu kama maji ya chemchemi. Vipimo vilivyobaki navyo vikakubali.

Sasa kutoka nje, jamani! Nikasema, "Baba, nimekosea, damu yako ni nzima."

"Mwanangu," akasema, "sema kwa sauti ileile uliyoniulizia."

Nikasema. Kwaya ikapiga vigelegele, mkewe akaangalia dari. Yule mama akaongezewa, hakuwashwa hata unyayo, jioni akaomba ugali.

Nikafikiri yameisha, mpaka nilipokwenda kwetu Makambako, muuza viazi akanishika mkono, "Dada, wewe si ndiye unayepima damu ukajua nani alikunywa? Nikuletee mume wangu?"

Tangu hapo sitii kitu kwenye tyubu kabla sijaisoma chupa kwa sauti, wenzangu wacheke wanavyotaka, na mchangia damu yeyote nikikutana naye namsalimia tu, napita.