Banda la Daraja la Tatu

Mashaka alizaliwa stesheni. Mama yake, muuza maandazi, alikuwa anasubiri treni ya saa tatu asubuhi, ikafika saa kumi jioni. Mtoto hakuwa na subira hiyo. Akatua duniani ndani ya banda la abiria wa daraja la tatu, stesheni ya Kitopeni, kule Temeke inakoishia na mashamba ya mihogo yanakoanzia. Wachukuzi wakampa jina palepale, kwa jinsi hali ilivyokuwa. Mmoja akatoa kisu akachonga kichanga kwenye nguzo ya mninga, kichwa kikubwa kuliko tumbo, chini ya majina ya wachukuzi wenzake.

Alipokua akaajiriwa hapohapo, kushika bendera na kufagia. Mwaka 1986 treni zikaacha kusimama Kitopeni. Barua ilisema stesheni imefungwa. Haikusema aache kufagia. Basi akaendelea kufagia, na kila treni iliyopita ikipiga honi aliipungia bendera ya kijani, kama vile ilikuwa inamwomba ruhusa.

Mwaka 1994, soko huria limepamba moto, hata kivuli kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi. Ikaja barua nyingine: eneo la stesheni litauzwa, isipokuwa majengo ambayo kamati itayaorodhesha kuwa kumbukumbu ya taifa. Kamati inakuja Jumanne.

Mashaka alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Akapaka chokaa matao ya Mjerumani, akang'arisha dirisha la tiketi, akaiba vitambaa vya makochi vya mkewe Hamisa akatandika mabenchi ya daraja la kwanza. Kisha akaligeukia banda. Nguzo nane, bati lenye kutu, mbuzi wa jirani wamejilaza. Akalitazama kama mtu anavyomtazama mjomba mlevi siku ya posa. Akaenda kuazima turubai la misibani, akaliziba pande zote.

"We mwanamume, si ndiko ulikozaliwa huko?" Hamisa akamuuliza. "Unaziba nini?"

"Mgeni haoneshwi uani, mama Nusaiba. Mgeni anakaribishwa sebuleni."

"Haya. Na vitambaa vyangu virudi."

Kiongozi wa kamati alikuwa Bi Eufrazia, binti wa miwani na futikamba, makarani wawili nyuma yake. Akaamkia vizuri, akapima matao, akasifu dari. Lakini walipofika kwenye choo cha Wazungu, chenye bakuli la kauri la maua ya buluu na mnyororo wa kuvutia maji, machozi yalimlengalenga.

"Mzee, hiki bado kizima!"

"Kitachakaa vipi? Sie tulikuwaga tunaelekezwa vichakani."

"Na kule kwenye turubai?"

Hapo ndipo Mashaka alipojimaliza mwenyewe. "Kule... kuna msiba."

"Jamani, poleni sana." Kamati nzima ikashusha sauti, ikazunguka kwa mbali kwa adabu, ikaondoka.

Orodha ilipotoka ilikuwa na jengo la tiketi, chumba cha daraja la kwanza na choo. Banda halikuwamo. Mashaka akaenda mjini mara tatu. Mara mbili aliambiwa mhusika yuko semina, mara ya tatu akampata: Bi Eufrazia mwenyewe.

"Banda halikukaguliwa, mzee wangu."

"Basi njooni mlikague."

"Ukaguzi umefungwa. Na mie nilikuuliza, ukasema kuna msiba."

"Msiba ndio huu sasa!"

Wiki iliyofuata akaja Gaudens, mnunuzi, na vijana wenye nyundo. Alitaka baa. "Mzee, usinune, nyama choma ni maendeleo," akasema. "Unataka nguzo? Chukua hiyo moja. Zilizobaki nachomea mbuzi."

Mashaka akaibeba ile yenye kichanga. Hamisa akamzuia mlangoni: chumba chao kimoja cha kupanga, hatua chache kutoka stesheni, nguzo ya futi tisa, nani alale nje? Wakasimama wote wawili juani wakitukanana kwa upendo, mpaka macho ya Mashaka yakaangukia kibao kipya mlangoni mwa choo cha Wazungu: MALI YA KUMBUKUMBU. NI KOSA KUONDOA KITU CHOCHOTE KILICHOMO NDANI.

Akakisoma mara mbili. "Mama Nusaiba, shika huku nyuma."

Mwezi uliofuata Bi Eufrazia akarudi kuhesabu mali za serikali. Akakuta nguzo imeegemea tangi la maji, kichwa chake kimetokeza dirishani kama abiria anayechungulia treni.

"Hii ilikuwepo?"

"Binti, soma kibao chako."

Akasoma. Akamtazama mzee, akakitazama kile kichanga, akarekebisha miwani, akafungua daftari. Bakuli la kauri, moja. Mnyororo, mmoja. Nguzo ya mninga, moja, matumizi hayajulikani.

"Yanajulikana!" Mashaka akapaza sauti. "Hapo nimezaliwa mie!"

"Chooni?" karani akauliza.