Nilivyofuata Meno ya Buloni Mbarara

Hakuna kitu cha gari kinachoweza kunishangaza mimi, Baba Furaha. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kaptula moja. Leo kamyoneti, gari dogo la mizigo, ni yangu, na darasa la nne sikulimaliza.

Alhamisi asubuhi nilikuwa chini ya gari nyumbani, nabadilisha oili. Nilishajaza mpya, nikakaza zaidi buloni, yaani bolti, ya chini ya karteri, ile bakuli ya oili, kwa spana niliyoiunganisha na bomba refu. Kraa! Ikazunguka bure. Kuivuta, ikatoka na meno ya tundu yamejiviringa juu yake kama springi. Oili yote mpya mchangani. Na kesho yake alfajiri nilipaswa kubeba maziwa ya Mzee Bwengye, mfugaji wa Endiinzi. Alishasema: ukikosa asubuhi moja, kazi naipa gari lingine.

"Si nilikuambia uite fundi?" mke wangu akasema.

"Fundi ndiye huyu."

"Basi fundi, maziwa utayabeba kichwani?"

Nikatia buloni mfukoni, nikaazima pikipiki ya jirani.

Njiani ni vumbi mingi mpaka lami ya Isingiro, kisha migomba kilima kwa kilima. Sikusimama hata kunywa maji.

Mbarara nilifika adhuhuri, dukani kwa mama anayeuza vipuri vya mitumba, mjane wa askari. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi ya Makenke. Akageuza buloni yangu.

"Nani nafanya hivi?"

"Fundi mumoja mujinga wa kwetu."

Akaangalia mikono yangu. "Huyo mujinga iko na oili kwa kucha kama wewe."

Duka zima likacheka. Akaleta karteri nzima. "Nunua hii. Yako nakufa."

"Mama, sinunui nyumba sababu ya kitasa. Nipe taro, kile chuma cha kukatia meno, saizi inayofuata, buloni yake, na rondela ya shaba, ile pete ya kuzuia oili."

"Kesho wewe narudi hapa nalia."

"Kesho nabeba maziwa!"

Jua halijashuka nilikuwa tena chini ya gari, majirani bamejaa uani. Nilipaka taro grisi nzito ili unga wa chuma unate, usibaki ndani. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ikibana natoa, nafuta, napaka tena. Nikasuuza tundu kwa oili kidogo. Buloni mpya nikaikaza kwa spana fupi, bila bomba. Nikajaza oili, nikawasha moteri. Mke wangu akainama, akapitisha kidole chini.

"Kavu."

"Sema tena, basikie."

"Kavu, fundi!"

Ijumaa alfajiri madumu ya Mzee Bwengye yalikuwa garini kabla ng'ombe hawajatoka zizini. "Umewahi," akasema. Mtu wa maneno machache.

Nililojifunza: buloni inakazwa kwa kiganja, si kwa hasira. Mafuta ya pikipiki, taro, buloni, rondela ya shaba na oili nyingine, jumla shilingi laki moja, elfu ishirini na nane na mia tano.