Nilipata TB na surua kwa pamoja, nikakataa kubebwa kurudi nyumbani

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba naitanguliza. Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Asiyeamini apite tu, nyuzi nyingine zipo.

Jana kuna mtu humu alishauri mgonjwa wa TB akipata na ugonjwa wa kirusi aache dozi ili mwili upumzike. Nimekasirika mpaka nimemnyang'anya mjukuu simu niandike.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka ishirini, nilitolewa kijijini kwetu juu ya Ilula nikalazwa hospitali moja ya misheni. Jina naliacha. Kifua kikuu. Sindano kila asubuhi, kukaa chini ni shida. Mwezi wa tatu wa dozi nikaanza kunenepa, hata damu kwenye makohozi ikakata.

Ndipo surua ikaingia wodini.

Kwetu sheria ilikuwa moja: mwenye surua hachomwi sindano. Ukimchoma, upele unarudi ndani na kumuua. Hata mama yangu, Mkristo wa kila Jumapili, hilo alikuwa habishi.

Ilianza kwa jirani yangu wa kitanda, Semeni. Ndugu zake wakamchukua asichomwe. Wiki mbili baadaye tukasikia wamemzika.

Kisha upele ukanitoka mimi.

Mjomba wangu, msemaji wa familia, akaja na vijana wawili na machela. Mama nyuma yao analia. Walimkuta dresa (ndivyo tulivyowaita wauguzi wa kiume), Mnyakyusa wa Tukuyu, ameshika sindano yangu.

"Tunamchukua," mjomba akasema. "Hamtatuulia mtoto."

"Baba, surua itapita. Ila inamlegeza mwili, na kifua kinangoja hapo hapo. Tukiacha sindano sasa, ndiyo tunamuua."

Mjomba akaanza kukunja blanketi langu.

Wakuu, mbele ya mjomba mimi sikuwa na sauti. Kumtazama tu usoni ilikuwa kukosa adabu. Lakini Semeni alikuwa ameshazikwa, na mimi sikutaka kufa kwa adabu.

Nikashika chuma cha kitanda, nikageuka, nikafunua upande wa sindano. "Choma," nikamwambia dresa.

Mjomba haruhusiwi kuona mwili wa binti wa dada yake. Alitoka mbio na vijana wake, machela ikagonga mlango. Ningecheka kama nisingekuwa na homa.

Akasemea nje dirishani, "Ukifa hatuji kukubeba."

"Basi msije."

Mama alibaki. Bado aliamini sindano itaniua, akabaki hivyo hivyo, ananiosha macho kwa maji ya vuguvugu.

Siwadanganyi, niliumwa. Surua ilipoondoka kifua kilirudi nyuma, nikaanza kukohoa upya, nikakaa pale mwaka mzima na zaidi. Ila sindano sikuruka hata moja.

Nilichojifunza: ugonjwa wa pili ukija juu ya TB, mwambie daktari siku hiyo hiyo, na dozi usiiache kwa sababu ya maneno ya watu. Hata wakiwa ni watu wanaokupenda. Mjomba alinipenda, na angeniua.

Waliowahi kuzuiwa sindano kwa sababu ya surua waje waseme. Na yule wa jana aje pia tubishane. Pumzi ninayo.