Hajaanguka, Amelala

Jumamosi ile nimeiandika kurasa sita kwenye daftari langu, mdogo wangu Neema, na bado sijaimaliza. Leo nakuandikia wewe kwa kifupi, kwa sababu umesema ukiingia kidato cha kwanza utakuja nami judo, na mimi ana kwa ana maneno hayanitoki. Unanijua. Hata dukani huwa nakutanguliza wewe ndiyo uongee.

Basi sikiliza. Nilikuwa kidato cha tatu. Mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi mmoja wa zamani huku kwetu Mwankoko, juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya alizeti na kufunikwa turubai, maana mikeka yenyewe ya judo hatukuwa nayo. Ukianguka vumbi linapanda, na unanuka mafuta hadi Jumapili kanisani. Kocha Eli alitufundisha kuanguka mwezi mzima kabla ya kutuacha tumguse mtu. Nilipenda sana kuanguka. Kilikuwa kitu pekee nilichoweza kufanya mbele za watu bila aibu, kwa sababu kila mtu alikuwa anaanguka.

Wa kike tulikuwa wanne, na wa uzito wangu alikuwa mmoja tu, Mama Zuhura. Huyo ni mtu mzima, ana watoto watatu, anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti na magunia anayabeba kama wewe unavyobeba begi la shule. Alimleta binti yake wa kwanza ajifunze judo. Binti akaacha, mama akabaki. Akiingia tu ukumbini, sote tunamwamkia.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Haya, leo nani anataka kulala mapema?"

Siku moja Kocha akatangaza kwamba kuna mashindano Dodoma na kila uzito una nafasi moja. Mimi na Mama Zuhura tungepambana, na mshindi ndiye angekwenda. Niliitaka ile safari, sikufichi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuchaguliwa kwenda popote. Wiki nzima nilijifunza kufagia mguu wa mpinzani, nyuma ya nyumba, nawe ukawa unawaambia majirani kwamba dada anapigana na kuku.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa, wengine wamesimama madirishani. Tukainamiana, halafu ikabidi nimshike kola.

Hapo ndipo nilipokwama. Unajua tulivyolelewa, Neema. Kumkunja mtu mzima kola ni kosa la kuitiwa kikao cha ukoo. Hata mazoezini nilikuwa namshika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nywele kwenye uji. Na siku ile watoto wake wote watatu walikaa mbele kabisa, yule wa mwisho ameikumbatia chupa ya maji ya mama yake. Nikawaza, nitamtupaje mama wa watu mbele ya wanawe? Alipoingiza nyonga ili anitupe, wala haikuingia sawasawa, nikajiachia. Nikaanguka vizuri kweli, mkono paa kwenye turubai!

Watu wakapiga makofi. Kocha, ambaye ndiye alikuwa refa, akainua mkono upande wa Mama Zuhura. Mimi nikasimama natabasamu, najiona nina adabu kuliko watoto wote wa Singida.

Mama Zuhura hakutabasamu.

"Kocha, huyu hajaanguka," akasema. "Amelala."

"Mama, nimeshainua mkono."

"Basi ushushe."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitamani turubai lipasuke nizame kwenye maganda. Mama Zuhura akanisogelea, akaongea taratibu, lakini naamini hata wa madirishani walisikia.

"Upendo, umenionea huruma?"

"Hapana mama. Ni heshima tu."

"Heshima yako nimeipokea pale mlangoni uliponiamkia. Humu ndani umenidharau, mwanangu. Mimi natoka kazini mgongo unauma, nakuja hapa kwa sababu ndiyo sehemu pekee mtu ananikabili mimi kama mimi. Leo umenipa ushindi kama unampa mgonjwa maziwa. Nikifika Dodoma, nitajuaje kama nilistahili kwenda?"

Machozi yalikuwa karibu.

"Usilie, utanitelezesha," akasema. "Nishike kola. Nishike kama nimekuibia kuku."

Kocha alituangalia sote wawili, akaushusha mkono kweli. Tukaanza upya.

Safari hii nilikunja kola kwa ngumi nzima. Na yeye hakunihurumia hata kidogo. Mara mbili alininyanyua miguu ikaning'inia, mara mbili nikajinasua, pumzi zikawa zinaniishia. Ndipo akapiga hatua mbele na mguu wake ukawa haujatua sawasawa. Nikaufagia. Mama Zuhura alikwenda chini, puu, vumbi likapanda mpaka madirishani.

Kisha yule mtoto wa mwisho akapaza sauti: "Mama, umeanguka!"

"Naona, baba," akajibu kutoka chini.

Nikainama haraka. "Samahani ma..."

"Ukiniomba samahani nakurusha dirishani." Akaninyooshea mkono nimwinue, na alikuwa anacheka kwa furaha hasa.

Dodoma nilikwenda. Nilitupwa kwenye pambano la kwanza, tena mapema mno, na msichana mwenye mikono kama nondo. Nililia kidogo, nikala chipsi, nikarudi nimefurahi. Sikuwa na deni la huruma kwa mtu, wala mtu hakunihurumia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ninachotaka kukuambia ni hiki. Kata kucha, fua koti lako kila wiki, na ukikabwa ukashindwa piga mkeka mapema uachiwe, shingo haina mbadala. Wakubwa waamkie wote, tena kwa magoti kama wanapenda. Lakini ukishainamiana na mtu, mpe nguvu zako zote, awe mama, awe rafiki, awe mimi dada yako. Anayekuja kupambana amekuomba kitu kimoja tu, umchukulie kuwa anaweza. Ukimnyima hicho, hata ukijilaza kwa tabasamu, umemkosea. Nimegundua hata darasani ni hivyohivyo, ila hilo bado naliwaza.

Mungu akupe mgongo usioogopa ardhi. Akupe watu wa kukutupa kwa haki na kukuinua bila kinyongo, na kila utakayemwangusha aamke akicheka. Amina, Neema wangu.