Uzi wa Vifundo Kumi na Kimoja

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinirembee. Baba yangu alizaliwa Malindi ya huku kwetu milimani, si ile ya pwani. Mama yangu alizaliwa Magamba, pale msitu unapoishia na mashamba yanapoanza. Majina yao usiyatie humu, wanaopaswa kuyajua wanayajua. Shule ilikuwa ya kaka zangu. Mimi nilifundishwa kubeba tenga la mapeasi kichwani mpaka Mazinde, chini ya mlima, na kutolitua njiani zaidi ya mara mbili.

Mazinde ndipo malori ya Kenya yaliposimama katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa huru kumuuzia amtakaye. Wanunuzi walilipa kwa shilingi za kwao, nasi tulizipenda, kwa sababu shilingi yetu ilikuwa ikichoka mwaka hata mwaka. Lakini imechoka kiasi gani? Wenye redio walisikia habari za dola, nasi dola hatukuwa nayo. Basi nikasokota katani. Kila siku ya gulio nilikata uzi mmoja, nikaufunga vifundo kwa idadi ya shilingi zetu zilizotolewa kwa shilingi moja ya Kenya. Uzi huo niliuning'iniza kwenye ufito juu ya jiko, baada ya uzi wa gulio lililopita. Nyuzi za zamani ziliiva kwa moshi zikawa nyeusi, na vifundo vyake vilikuwa vitano, sita. Zile nyeupe zilifika tisa.

Habari ikaenea. Mwalimu wa shule alikuja mlangoni, hata salamu hakutoa.

“Mama, wiki hii wanatoa ngapi?”

“Kwani shuleni mmeacha kufundisha shikamoo?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Tisa. Usiuze noti zako. Ngoja.”

Akangoja, ikawa kumi, akaniletea kilo ya sukari. Mwalimu mzima amenisikiliza mimi nisiyelijua jina langu likiandikwa! Ile sukari ilinipotosha kuliko umaskini.

Wakati huo babu yako alikuwa amekwisha kufariki, na mama yako alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na la kulia limeharibika zaidi. “Mlete kabla ya masika, mama. Masika yakipita, la kulia sikuahidi kitu.” Akanitajia gharama. Nyumbani nilikuwa na kibuyu chenye noti za Kenya, akiba ya mapeasi ya misimu mitatu. Kwa vifundo kumi, kibuyu kilitosha hospitali na nauli, kisibaki kitu. Kwa kumi na kimoja, zingebaki za kuanzia mabati.

Lisome hilo ulivyoandika. Ndiyo. Mabati. Nyumba ilikuwa ya nyasi na ilivuja, nami nilitaka jicho na mabati kwa safari moja. Nikamwambia mama yako, “Tungoje gulio moja tu.” Akajibu, “Sawa, mama.” Alikuwa akichambua maharage kwa vidole, kwa kuwa mawe alikuwa hayaoni tena.

Gulio lililofuata walitoa tisa. Nikasema uzi umepumzika. Mti nao hupumzika kabla ya kurefuka. Katika nyuzi zangu zote, hakuna uliokuwa umerudi nyuma ukakaa. Baada yake wakatoa nane. Mwalimu hakuja tena. Mvua zilipoanza nilishuka na kibuyu chote kifuani, njia inateleza, nikamwendea bwana mmoja mbadilisha fedha aliyekaa juu ya gunia karibu na malori.

“Leo sita, mama.”

“Sita! Hii si noti ile ile?”

“Ni ile ile. Shilingi ya kwao imeanguka, Wakenya wenyewe wanalia.”

“Itainuka lini?”

Akawageukia wenzake. “Mnamsikia mama mwenye kamba? Ananiuliza mimi! Si wewe, mama, uliyewaambia watu wa mlimani wangoje?”

Wakacheka. Mmoja akasema, “Mama, nenda kafungue vifundo vinne, hesabu itakaa sawa.” Nilirudi na noti zangu, nikapanda mlima nikilia kwa sauti, maana mvua ilikuwa kubwa na hakuna wa kunisikia.

Niliuza ng'ombe, nikauza na ndama, kisha nikabadili zile noti kwa sita. Tulipofika hospitali masika yalikuwa yanamalizika. Jicho la kushoto walilisafisha. La kulia daktari alilimulika mara moja, akazima tochi. Hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenigombeza.

Mwaka uliofuata shilingi ya Kenya iliinuka tena. Niliufunga uzi wa vifundo kumi na kimoja kwa mikono hii, na mama yako akiwa ameketi hapo hapo jikoni, amekwisha kuzoea kugeuza shingo ili aone anapomimina chai. Sikufunga uzi mwingine baada ya huo.

Mama yako anaamini tulichelewa kwa sababu fedha hazikutosha. Nimemwacha aamini hivyo miaka yote hii.

Sasa sikiliza la kutunza. Kibuyu mpe yeyote. Nyuzi nyeusi zikioza, ziache zioze. Utunze uzi wa vifundo kumi na huu wa kumi na kimoja, uziviringishe pamoja na karatasi hii. Usingoje nizikwe. Mama yako akirudi kutoka shambani leo, mketishe mbele yangu, umsomee yote, na neno la mabati usiliruke. Mimi sitatoka nje.